Vibao vya mpini kwa wembe wa babu: mti gani, na pini nizifue vipi?

Mjukuu_wa_Kinyozi

Wakuu habari za humu, na wazee wote shikamooni.

Nina wembe wa kukunja wa marehemu babu mzaa mama. Alikuwa kinyozi Ngamiani, Tanga, kiti chake kilikaa chini ya mwarobaini, na huu ndio wembe aliojinyolea yeye mwenyewe. Wa wateja ulikuwa mwingine. Karibu na pale unapokunjia pamegongwa neno Solingen, ule mji wa visu na nyembe Ujerumani, maandishi mengine yamelika. Chuma bado ni kizima. Nimeupitisha kwenye kinoo, nikaupiga kwenye ngozi ya mkanda, sasa unakata unywele uliosimama wenyewe.

Shida ni mpini. Ule wa zamani ni wa kahawia wenye mabaka kama gamba la ng'amba, ukiuinua juani unapitisha mwanga. Umepasuka kuzunguka pini na sehemu nyingine umeanza kumeguka kama biskuti iliyokaa sana. Nilikuwa nauweka kwenye mtoto wa meza chumbani kwa bibi, akaniambia niutoe kwa sababu droo nzima inanuka karafuu maiti, na yeye harufu hiyo haitaki karibu na kitanda chake. Kingine kinachonitatiza: nausugua wembe kutu yote inatoka, naupaka mafuta ya cherehani, naukunja. Wiki mbili hazipiti kutu imerudi, na inarudi ule upande unaolala ndani ya mpini tu. Mgongo unaobaki nje hauna hata doa.

Nikaamua nitengeneze mpini wa mbao. Mara ya kwanza nilichukua mninga, mabaki ya fundi vitanda, vibao viwili vya milimita 5. Nikatoboa kwa biti ya milimita 1.5, pini nikakata kutoka kwenye msumari wa kawaida, nikaingiza kwa nguvu na kuugonga kwa nyundo ya seremala. Kibao kikapasuka kuanzia kwenye tundu mpaka ncha. Mara ya pili nilikwenda taratibu, hakikupasuka, lakini wembe ukikunjwa unalala kushoto na makali yanagusa mbao. Kazi yote ya kinoo inaharibika kwa kufunga mara moja.

Naomba kujua: mti gani unafaa, vibao viwe na unene gani, na nafanyaje wembe ukae katikati? Huu wembe sitaki kuuharibu. Ni kitu pekee cha babu kilichobaki mkononi mwangu.

Fundi_Nakshi

Marahaba mwanangu. Mimi ni mchonga milango, nimeanza Unguja na sasa niko Dar. Mipini ya nyembe nimetengeneza saba maishani, na mmoja nautumia mwenyewe kila Ijumaa asubuhi. Umeuliza mti, lakini kuna jambo la haraka kuliko mti.

Huo mpini wa zamani ni seluloidi, na bibi yako kakupa jibu bila kujua. Seluloidi ni pamba iliyotiwa asidi ya naitriki kisha ikachanganywa na kafuri, na kafuri ndiyo karafuu maiti. Wamarekani walianza kuiuza miaka ya 1870, ikatumika kuigiza pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, kwenye vitana, vifungo, na nyembe kwa maelfu. Ikizeeka inaoza. Inatoa mvuke wa asidi, na mvuke huo unakula chuma kilicho karibu nao. Ndiyo maana kutu inarudi ndani tu na mgongo unasalimika. Ungepaka mafuta ya dunia nzima, ingerudi.

Kwa hiyo leo hii, si kesho, utenganishe wembe na huo mpini. Usiuweke karibu na jiko wala mshumaa, seluloidi inashika moto kwa kasi ya kutisha. Kwanza weka mpini juu ya kadibodi ngumu, chora umbo lake na utie alama mahali pa matundu, maana huo ndio ramani yako. Ukitaka kuutunza kwa kumbukumbu, utie kwenye bahasha ya karatasi, mahali penye hewa, mbali na chuma chochote.

Kuutoa: funga makali kwa utepe wa karatasi, tabaka tatu. Usiguse grainda. Piga tupa ndogo kwenye kichwa cha pini mpaka kiishe, kisha sukuma pini itoke kwa msumari uliokatwa ncha. Chuma cha wembe kikipata moto mwingi kinalegea; ukiona kimegeuka bluu, makali hayashiki tena na hakuna fundi wa kukurudishia.

Sasa mti. Mninga usiulaumu. Ni mti uliotulia, hauvimbi ovyo wala kunywea, ndiyo maana milango yake haikwami masika. Umeuonea tu kwa tundu na nyundo, hilo wenzangu wa chuma watakueleza. Ila mimi kwa mpini wa wembe natumia mpingo. Kibao ni chembamba, tundu liko karibu na ukingo, maji na sabuni kila siku. Hapo unataka mti ambao nyuzi zake zimeshikana. Kata kipande cha kiini chake ukitupe kwenye ndoo ya maji, kinazama. Wazungu wanaotengeneza klarineti wanaufuata kwetu kwa sababu hiyohiyo: tundu dogo likitobolewa linabaki lilivyo, na pumzi ya mpigaji hailivimbishi.

Usitafute gogo. Uvunaji wa mpingo una vibali vya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na haifai kuupata kwa mlango wa nyuma. Nenda kijiji cha wachongaji pale Mwenge uombe mabaki. Wakimaliza kinyago, kinachobaki wanakiona kidogo, lakini kwako kinatosha na kuzidi: urefu sentimita 16, upana 3, unene 2. Chagua cheusi kitupu. Ule weupe wa pembeni ni wa nje ya kiini, mwepesi na laini. Kabla hujalipa, kifute kwa kitambaa chenye spiriti halafu kitazame kinavyokauka. Kukiwa na ufa mwembamba kama unywele, utaona mstari unabaki na unyevu wakati pengine pameshakauka. Hicho kiache hapohapo.

Pasua vibao viwili kutoka kipande kimoja, nyuzi ziende kwa urefu, kila kimoja milimita 4. Usiendelee. Viweke ndani ya nyumba wiki tatu, vimelazwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kama vinataka kupinda, vipinde sasa hivi, visije vikapindia kwenye wembe. Baada ya hapo vishushe mpaka milimita 3. Hizo 5 zako ndizo zilizokukosesha: mpini wa wembe unatakiwa kuwa na mnyumbuko kidogo kama upinde, na kibao cha milimita 5 hakinyumbuki, kinabisha mpaka kipasuke.

Kuvichonga vifanane, gundisha vibao viwili kwa gundi nyeupe ya mbao ukiwa umeweka kipande cha gazeti katikati. Futa kwanza nyuso za mpingo kwa spiriti, maana una mafuta yake na gundi inateleza. Kikikauka unacho kitu kimoja. Kichore, kichonge, kipige tupa, tupa ya nusu duara kwa mabega, kisha msasa namba 120, 220, 400. Toboa matundu yote kikiwa bado kimeungana. Mwisho ingiza kisu chembamba kwenye gazeti, vinaachana, na hakuna kibao kilichomzidi mwenzake.

Na vumbi la mpingo, mwanangu, si vumbi la kuchezea. Linawasha ngozi na linabana kifua. Vaa barakoa, fanyia kazi nje, oga kabla ya kubeba mtoto.

Sonara_wa_Mombasa

Assalaam aleikum. Fundi amemaliza mbao, mimi niingie kwenye pini, kwa sababu nyufa zako zimetoka hapo.

Kaka, ulitumia msumari wa chuma kwenye tundu dogo kuliko msumari wenyewe. Ukipiga nyundo juu ya pini, haitanuki kichwani peke yake, inanenepa na katikati. Kama tundu tayari limebana, ule unene unakwenda wapi? Unakwenda kwenye mbao, na mbao inafunguka. Halafu hakukuwa na washa, kile kisahani chembamba chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa cha pini, kwa hiyo kichwa nacho kilikuwa kinajichimbia. Na msumari wa chuma ungeota kutu ndani ya mpini hata kama ungebahatika.

Tumia waya wa shaba ya manjano wa milimita 1.6. Ukikosa kwa sonara, wachomeleaji wa gesi wana vijiti vya unene huo, chukua visivyopakwa unga. Vile vya mafundi friji usichukue, vina fosforasi ndani, vigumu, havipendi kufuliwa baridi. Tundu toboa 1.7. Kipimo changu ni kidole: pini ipite kwa kusukumwa na kidole, isianguke yenyewe, isihitaji kugongwa.

Kabla ya kuitumia, ilainishe. Ishike kwa koleo, iweke kwenye moto mpaka ianze wekundu hafifu kabisa, iache ipoe. Fanya hivyo mbali na wembe, pini peke yake. Shaba iliyolainishwa inakutii kwa nyundo ndogo, na kama hukuilainisha utajikuta unaongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayopasua.

Washa unahitaji sita: nne za nje, moja kila mwisho wa pini mbili zako, na mbili nyembamba sana za ndani, kati ya shina la wembe, yaani ile sehemu isiyo na makali inapopita pini, na kibao kila upande. Hizo za ndani wengi wanaziruka. Bila hizo chuma kinasugua mbao kila unapokunja, baada ya miezi mpini unalegea.

Kata pini ibaki imechomoza nusu ya unene wake juu ya washa, yaani chini ya milimita 1 kila upande. Ikizidi inapinda badala ya kutanuka. Nyoosha ncha kwa tupa iwe bapa. Weka juu ya fuawe au kipande cha reli, chukua nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, yangu ina gramu 60, na usipige katikati. Gonga pembezoni, ukizunguka, gonga nyepesi kama unayebisha hodi kwa mgonjwa. Zunguko moja, geuza upande wa pili, zunguko moja, geuza. Mimi pini moja huichukulia robo saa. Ya pale wembe unapozungukia, simama kila baada ya mizunguko miwili ujaribu kukunja. Ukishakaza kupita kiasi hakuna kulegeza, ni kukata na kuanza upya. Unataka wembe ushuke kwa kusukumwa na kidole gumba, usianguke wenyewe ukiinamisha mpini.

Tena usifue chochote kabla hujajaribisha. Mafundi miwani wana skrubu ndefu nyembamba na nati zake, zile za miwani isiyo na fremu. Funga mpini mzima kwa hizo, kunja, kunjua, rekebisha mpaka uridhike, ndipo ulete nyundo.

Mjukuu_wa_Kinyozi

Aisee, nashukuru sana wazee wangu. Ule mpini nimeutoa jana usiku baada ya kusoma hapa. Chini yake, pale ulipogusana na shina, chuma kimekuwa na vidoa vya rangi ya kijani na kahawia. Nimevisugua kwa msasa 1000 wenye mafuta, vimebaki vishimo vidogo viwili ila haviko karibu na makali.

Bado sijaelewa la wembe kulala upande. Vibao vilikuwa sawa, matundu nilitoboa pamoja.

Fundi_Nakshi

Hilo ni kabari, kile kipande kinachobanwa kati ya vibao kule mkiani. Uliweka nini hapo?

Mjukuu_wa_Kinyozi

Niliweka kipande cha mninga hicho hicho, bapa, unene sawa na shina la wembe.

Fundi_Nakshi

Ndipo palipo na kosa. Kabari isiwe sawa na shina. Pima shina la wembe pale kwenye pini, tuseme lina milimita 5 pamoja na washa za ndani. Kule mkiani kabari iwe nusu ya hapo au pungufu, kama 2 au 2.5, na iwe imechongoka: nyembamba upande wa mkia, nene upande unaoelekea wembe. Vibao vikibanwa hapo vinakaribiana, vinatunisha tumbo kidogo katikati, na ule mnyumbuko ndio unaoshika shina pande zote mbili kwa usawa. Ukiweka bapa na nene, vibao vinakaa kama reli mbili, hakuna kinachoushika wembe, unaanguka upande wowote unaoutaka.

Na kabari ikiwa imechongoka zaidi upande mmoja, mpini mzima unapinda kama mtu aliyelalia bega. Hapo unaweza kutafuta kosa kwenye matundu siku tatu usilione.

Waingereza wa Sheffield zamani walimimina madini ya risasi pale. Wewe usitumie risasi, ni sumu na haina haja. Tumia pembe la ng'ombe. Chukua kutoka machinjioni kipande cha ncha, ambacho hakina uwazi ndani, kichemshe, kikaushe vizuri, kikate. Pembe jeupe kati ya vibao vyeusi linapendeza sana, lakini nimelichagua kwa sababu linakubali msasa polepole. Unaweza kuondoa kidogo mno kila mara.

Kuinyoosha kabari: bandika msasa 400 juu ya kioo. Fungia mpini kwa skrubu za sonara, kunja wembe, utazame kwa juu mbele ya dirisha. Unaona mistari miwili ya mwanga, mmoja kila upande wa makali. Mstari mwembamba ndio upande makali yanapoegemea. Fungua, isugue kabari upande mmoja mara tatu tu, rudisha, tazama. Kama mistari imekaribia kulingana, endelea upande huohuo. Kama imezidi kuachana, geuza. Usisugue mara kumi kwa hasira, utaimaliza kabari.

Kijana_Saluni_Mbagala

Samahani naingilia. Mimi nina saluni, wateja wananiulizia kunyolewa kwa wembe wa kizamani kama huu. Nikitengenezewa wa mpingo naweza kutumia kazini?

Fundi_Nakshi

Hapana, mwanangu. Huu ni wa mtu mmoja. Povu na damu vinaingia kwenye pini na kwenye kabari, na mpini wa mbao huwezi kuuchemsha. Kuna homa ya ini na kuna virusi vya UKIMWI. Kwa wateja tumia kishikio kinachopokea nusu ya wembe wa kawaida, kila kichwa na wembe wake, ukimaliza unatupa mbele ya macho yake.

Sonara_wa_Mombasa

Naongezea la kung'arisha kabla sijasahau. Malizia vibao na mafuta yake kabla ya kufua pini, kwa ndani na nje. Ndani watu hawafiki, na ndiko maji yanakokaa.

Fundi_Nakshi

Kweli kabisa. Mpingo hauhitaji vanishi. Msasa 600, 1000, 1500, halafu mafuta ya kitani kidogo sana kwa kidole, futa yote baada ya robo saa, acha siku mbili, rudia mara mbili. Mwisho nta ya nyuki, ile ya Tabora ni nzuri, sugua kwa kitambaa cha pamba mpaka kipate joto. Kitambaa chenye mafuta ya kitani usikifinyange ukakitupa pembeni, kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke. Na baada ya kunyoa, pangusa, uache wembe wazi kwa saa moja kabla ya kuukunja.

Mjukuu_wa_Kinyozi

Wazee wangu, narudi baada ya wiki saba.

Mwenge nilipata kipande kwa shilingi elfu tatu. Mzee aliyeniuzia aliniuliza nataka kukifanyia nini, nikamweleza, akarudi ndani akanitolea kingine kilichokuwa safi zaidi. Nilikifuta kwa spiriti mbele yake. Cha kwanza kilikuwa na mstari, tena nisingeuona kwa macho. Cha pili hakikuwa nao.

Wiki tatu za kusubiri zilikuwa ngumu kuliko kazi yenyewe. Kibao kimoja kilipinda kama unene wa kucha, nikakinyoosha kwa randa. Gazeti lilifanya kazi vizuri, liliachana kwa kisu cha mezani, na kwa ndani herufi zimebaki zimejichapa kinyume kwenye mpingo. Nilizisoma kabla ya kuzipiga msasa.

Kabari ya pembe nimeharibu mbili. Ya tatu ndiyo. Nilikaa dirishani asubuhi nzima na ile mistari ya mwanga, nasugua mara tatu, nafunga, natazama. Ilipolingana niliacha hapohapo, nikaogopa hata kuipangusa. Pini nimefua kwa nyundo niliyoazima kwa fundi saa, mizunguko mingi, mkono ukauma. Kichwa kimoja hakikutoka duara kamili, ila kimeshika.

Nimejinyolea mara nne. Mpini mpya ni mzito kuliko ule wa zamani, kwa hiyo ukiushika uzito unarudi kiganjani badala ya kwenda kwenye chuma. Nilihitaji siku mbili kuuzoea, sasa naona unatulia shavuni kuliko awali. Wiki mbili zimepita tangu niufunge na hakuna kutu ndani, nakagua kila siku kwa tochi ya simu.

Juzi nilimpelekea bibi. Hakuufungua. Aliusogeza puani akaunusa, akaunusa tena upande wa pili, halafu akavuta mtoto wa meza akauweka mwenyewe, pembeni ya miwani yake.

Fundi_Nakshi

Alhamdulillahi. Weka picha, mwanangu. Anza na upande wa kabari.